Namna ya Kupanga Klasta ya Seva Inayorejea Kazini Haraka Baada ya Hitilafu

Klasta ya seva, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, hupangwa ili nodi moja (seva mojawapo ya kundi) inapoanguka, nyingine ichukue kazi yake kabla watumiaji hawajapata madhara makubwa. Wapangaji wengi huanza kwa kununua seva ya pili, kisha ndipo hujiuliza itafanya nini siku ya hitilafu. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha utaratibu huo: unaanza na muda, yaani sekunde au dakika ambazo huduma inaruhusiwa kukosekana, kisha unaugawa muda huo kwa kila hatua ya urejeshaji, na kila uamuzi kuhusu vifaa, mtandao na data unapimwa kwa kigezo hicho.

Namba mbili za kuandika kabla ya mchoro wowote

Kwa kila huduma, andika namba mbili. Ya kwanza ni muda mrefu kabisa ambao huduma inaweza kukatika. Ya pili ni kiasi cha data, kikipimwa kwa muda, ambacho mnakubali kukipoteza. Huduma ya kupokea malipo inaweza kuvumilia kukatika kwa dakika 2 lakini isivumilie kupotea hata kwa muamala mmoja. Huduma ya kutafuta bidhaa ni tofauti: inaweza kupoteza data ya saa nzima bila shida, kwa kuwa faharasa yake hujengwa upya kutoka kwenye hifadhidata kuu, ilhali ikikatika kwa dakika 2 kila mtumiaji huona. Kuziweka huduma hizo mbili katika klasta moja kwa sababu tu vifaa vipo ni kuilazimisha moja ibebe gharama za nyingine. Namba hizi zisiamuliwe na mafundi peke yao. Wenye shughuli inayoendeshwa na huduma hiyo ndio wanaoijua hasara, na ni vyema wazikubali kwa maandishi.

Mara nyingi mahitaji huletwa kwa asilimia, na asilimia hizo zibadilishwe kuwa muda mara moja ili kila mtu aelewe anachokiomba. Upatikanaji wa asilimia 99.9 unaruhusu takriban saa 8 na dakika 46 za kukatika kwa mwaka, asilimia 99.99 inaruhusu takriban dakika 53, asilimia 99.999 inaruhusu dakika 5 na sekunde chache. Katika dakika 5 za mwaka mzima hamna nafasi ya kumwamsha fundi usiku, asome tahadhari, afungue kompyuta na kuanza kuchunguza. Anayeomba kiwango hicho ameomba urejeshaji usiomsubiri binadamu.

Upatikanaji hutokana na vitu viwili: muda unaopita kati ya hitilafu na hitilafu, na muda wa kurejea. Seva inayoanguka mara moja kwa kila saa 1,000 na kuchukua saa 1 kurejea inapatikana kwa takriban asilimia 99.9. Seva hiyo hiyo, ikianguka mara zile zile lakini kazi yake ikahamia kwingine ndani ya sekunde 30, inafikia asilimia 99.999. Kuzuia hitilafu zote kunahitaji vifaa ghali na bado hakukamiliki, ilhali kupunguza muda wa kurejea ni kazi ya mpango, na hiyo iko mikononi mwa mpangaji.

Fuata njia ya ombi moja

Chora njia ambayo ombi la mtumiaji hupitia hadi jibu linaporudi: utafutaji wa jina katika DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), ruta, swichi, kisambaza mzigo (kinachogawa maombi kati ya seva), seva ya programu, kache (hifadhi ya muda ya data inayotumika sana), hifadhidata, hifadhi ya faili na huduma ya kuthibitisha utambulisho. Vitu vinavyotegemeana kwa mfululizo hupunguziana upatikanaji, kiasi kwamba vitatu vyenye asilimia 99.9 kila kimoja hutoa takriban 99.7 kwa pamoja. Vikiwekwa sambamba ili kimoja kitoshe, viwili vyenye asilimia 99 vinaweza kufikia 99.99, lakini kwa sharti zito, kwamba kuanguka kwa kimoja hakuhusiani kabisa na kuanguka kwa kingine.

Sharti hilo huvunjwa mara nyingi bila mtu kutambua. Vifaa viwili vinavyoipa seva moja umeme huchomekwa kwenye njia moja ya umeme. Kebo mbili za mtandao huishia kwenye swichi moja. Mashine pepe (seva za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya mashine halisi) tatu za klasta hujikuta juu ya mashine halisi moja kwa sababu hakuna aliyeweka kanuni ya kuzitenganisha, na mfumo ukazipanga ulipoona nafasi. Yapo pia yasiyoshikika kwa mkono: sasisho la programu linalosukumwa kwa nodi zote katika dakika moja, au cheti cha usalama kinachoisha muda saa ile ile kila mahali. Pitia mchoro wako na kwa kila kitu uulize: kikiondoka sasa hivi, nini kingine kinaondoka nacho? Majibu yaandikwe kando ya mchoro, hata yale ambayo hamtayarekebisha mwaka huu.

Idadi ya nodi

Klasta inayotunza hali ya pamoja, yaani data ambayo nodi zote lazima zikubaliane juu yake, huamua mambo kwa akidi, yaani zaidi ya nusu ya nodi zote zilizosajiliwa. Nodi 3 zinahitaji 2 ili kuendelea, hivyo huvumilia kupotea kwa 1. Nodi 4 zinahitaji 3, hivyo nazo huvumilia kupotea kwa 1 tu. Nodi ya nne imeongeza gharama bila kuongeza ustahimilivu wa akidi. Nodi 5 huvumilia kupotea kwa 2. Ndiyo maana idadi witiri hupendelewa, na kwa huduma nyingi nodi 3 zinatosha.

Klasta ya nodi 2 ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mawasiliano kati yao yakikatika, kila moja huona mwenzake amekufa, na hakuna iliyo na wingi wa kuamua. Kama bajeti hairuhusu nodi ya tatu kamili, weka shahidi: mashine ndogo isiyobeba data ya watumiaji, ambayo kazi yake ni kupiga kura. Shahidi huyo akae mahali tofauti na nodi zote mbili, kwani akiwa katika kabati moja na mojawapo, kabati hilo likikosa umeme kura mbili huondoka pamoja. Hesabu ni hiyo hiyo kwa vituo vya data. Nodi 3 zilizogawanywa 2 kwa 1 katika vituo viwili huzimika zote ikiwa kituo chenye 2 kimeanguka, na hakuna mpangilio wa programu unaoweza kulibadilisha hilo. Urejeshaji wa hakika kati ya vituo unahitaji mahali pa tatu, hata kama ni kwa ajili ya shahidi peke yake.

Kisha kuna swali la uwezo. Nodi 3 zinazogawana kazi, kila moja ikiwa na mzigo wa asilimia 70, hazina akiba yoyote: moja ikianguka, mbili zilizobaki zinatakiwa kubeba asilimia 105 kila moja, nazo huanguka kwa kufuatana. Kwa nodi 3, mzigo wa saa za kilele usivuke asilimia 60 hivi; kwa nodi 2, ubaki chini ya 50 ukiwa na nafasi ya ziada.

Bajeti ya sekunde

Hapa ndipo mpango wenyewe ulipo, na ndipo panapostahili muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Urejeshaji una hatua tano: kugundua hitilafu, kuamua nani achukue kazi, kuitenga nodi iliyoanguka, kuianzisha huduma kwenye nodi mpya, na kuwaelekeza wateja huko. Tuseme lengo ni sekunde 30. Usizigawe zote, gawa 20 na uache 10 kwa yasiyotarajiwa. Mgawanyo unaofaa kuanzia nao ni sekunde 5 za kugundua, 1 ya kuamua, 5 za kutenga, 6 za kuanzisha na 3 za kuelekeza. Sasa kila kifaa na kila programu iulizwe kama inaweza kutimiza fungu lake.

Kugundua hutegemea ishara za uhai ambazo nodi hutumiana na idadi ya ishara zinazokosekana kabla ya kutangaza kifo. Katika VRRP, itifaki inayohamisha anwani ya mtandao kutoka nodi moja hadi nyingine, ishara ikitumwa kila sekunde 1 na nodi ya akiba ikiwa na kipaumbele cha 100, akiba husubiri takriban sekunde 3.6 kabla ya kuchukua anwani. Kwa etcd, programu ya kuhifadhi taarifa za pamoja za klasta, mpangilio chaguomsingi ni ishara kila milisekunde 100 na uchaguzi wa kiongozi (nodi inayopokea maandishi yote) baada ya milisekunde 1,000 za ukimya. Patroni, inayosimamia hifadhidata za PostgreSQL, huja na uhai wa ufunguo wa kiongozi (alama ya uongozi inayoisha muda isipohuishwa) wa sekunde 30, kumaanisha kwamba kiongozi akikatika umeme, mpangilio huo peke yake unaweza kumaliza bajeti yetu yote kabla uchaguzi haujaanza. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye klasta, huduwaza zaidi wasioisoma kwa makini: nodi ikipotea, podi (vifungu vya programu) zilizokuwa juu yake huvumiliwa kwa sekunde 300 kwa chaguomsingi, zikihesabiwa baada ya nodi kutambuliwa kuwa haifikiki, ndipo ziondolewe na kuanzishwa kwingine. Mipangilio hii imechaguliwa ili kuwafaa watu wengi, na inaweza kubadilishwa kwa kila huduma.

Kupunguza muda wa kusubiri kuna mpaka. Mashine pepe inapohamishwa kutoka mashine halisi moja hadi nyingine husimama kwa kitambo. Diski iliyolemewa inaweza kuzuia uandishi kwa sekunde kadhaa. Programu inayosafisha kumbukumbu yake inaweza kunyamaza kwa muda. Kikomo kilicho kifupi kuliko kusimama huko kwa kawaida kitaifanya klasta ihamishe kazi bila sababu, na kila uhamisho ni ukatizaji. Pima kwanza: rekodi ucheleweshaji wa mtandao na wa diski kwa wiki kadhaa zenye saa za kilele, kisha weka kikomo juu ya kilele cha juu kabisa ulichokiona. Ishara za uhai zipitie njia mbili za mtandao zisizotegemeana, ili kebo moja isiwe hakimu wa uhai wa seva.

Kuanzisha huduma kwenye nodi mpya ni haraka ikiwa nodi hiyo ilikuwa tayari inaendesha programu na kupokea mabadiliko ya data mfululizo. Ikiwa ni lazima kwanza ipachike diski, ikague mfumo wa faili na kusoma upya kumbukumbu ya miamala, muda huo hukua kadiri data inavyokua, na mpango uliotimia mwaka wa kwanza hushindwa mwaka wa tatu. Angalia pia kache: seva iliyoanza na kache tupu hupeleka maombi yote kwenye hifadhidata, nayo inaweza kulemewa katika dakika ile ile ambayo haina akiba.

Kuwaelekeza wateja husahauliwa kuliko hatua zote. Ndani ya mtandao mmoja, anwani ya IP inayohama pamoja na huduma hufanya kazi vizuri, kwa kuwa nodi mpya huitangaza kwa swichi mara moja. Kubadilisha rekodi za DNS ni polepole zaidi, kwa sababu hata ukiweka uhai wa rekodi kuwa sekunde 30, wapo wateja na seva za kati wanaoishikilia kwa muda mrefu kuliko ulivyoagiza. Tatizo kubwa zaidi ni miunganisho iliyokuwa wazi nodi ilipokufa ghafla. Katika Linux, mteja aliyekwisha kutuma data kwa nodi iliyokatika umeme huendelea kuituma upya kwa mujibu wa kigezo cha `tcp_retries2`, ambacho kwa thamani yake ya 15 huweza kumweka akisubiri zaidi ya dakika 15. Anayesubiri jibu bila kutuma kitu, kama amewasha ukaguzi wa uhai wa muunganisho, huanza kukagua baada ya sekunde 7,200. Klasta inaweza kurejea kwa sekunde 15 na bado programu zikabaki zimekwama. Kwa hiyo weka kikomo cha kuunganisha na kikomo cha kusubiri jibu katika kila programu inayotumia klasta, na zifundishwe kujaribu tena kwa vipindi vinavyorefuka, zikiwa na tofauti ya kubahatisha kati ya mteja na mteja ili zisirudi zote kwa wakati mmoja.

Kuitenga nodi iliyonyamaza

Nodi iliyonyamaza huenda haijafa. Huenda imekatika mtandao huku bado inaandika kwenye diski ya pamoja, na nodi mpya ikianza kuandika hapo hapo, data huharibika kwa namna isiyorekebishika kwa urahisi. Ndiyo sababu klasta hutakiwa kuizima kwa nguvu nodi inayoshukiwa, au kuinyima ruhusa ya hifadhi, kabla ya kuihamisha kazi. Wapo wanaozima utaratibu huu katika Pacemaker, programu ya kusimamia klasta, kwa sababu unawasumbua wakati wa usakinishaji. Kwa klasta yenye data, msifanye hivyo; nafuu huduma ikatike kuliko kuwa na viongozi wawili wanaoandika.

Panga njia mbili za kutenga. Kadi ya usimamizi iliyo ndani ya seva ni njia nzuri ya kwanza, ila hutumia umeme wa seva ile ile: seva ikikosa umeme kabisa, kadi nayo hufa, klasta haipati uthibitisho kwamba nodi imezimwa, na urejeshaji hukwama ukisubiri. Njia ya pili, kama vile soketi ya umeme inayodhibitiwa kwa mtandao, huondoa mkwamo huo. Hakikisha amri inakata umeme papo hapo badala ya kuuomba mfumo endeshi ujizime kwa utaratibu, maana kujizima kwa utaratibu kunaweza kuchukua dakika nzima. Katika klasta ya nodi 2, mpe mmoja wao kuchelewa kwa sekunde chache kabla ya kumzima mwenzake, wasije wakazimana kwa wakati mmoja.

Data

Namba ya pili uliyoandika mwanzoni ndiyo inayoamua aina ya unakili. Katika unakili wa papo kwa papo, muamala haukubaliwi hadi nodi nyingine ithibitishe kuupokea, na hivyo hakuna kinachopotea kiongozi akianguka. Gharama yake ni ucheleweshaji. Mwanga katika nyuzi za mtandao husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 za umbali huongeza angalau milisekunde 1 ya kwenda na kurudi kwa kila muamala. Ndani ya jengo gharama hiyo haihisiki. Kati ya mabara haivumiliki kwa huduma nyingi. Unakili wa kuchelewa hauna gharama hiyo, lakini sekunde zile ambazo nakala imebaki nyuma ndizo zitakazopotea.

Kosa linalojirudia ni kuweka unakili wa papo kwa papo na nodi moja tu ya akiba. Akiba ikianguka, kiongozi husimama akisubiri uthibitisho, na klasta imekuwa dhaifu kuliko seva moja. Weka akiba mbili na udai uthibitisho wa yoyote kati yao. Katika PostgreSQL hilo huandikwa `ANY 1 (a, b)` kwenye kigezo cha `synchronous_standby_names`.

Uhamisho wa kiotomatiki kati ya vituo vilivyo mbali unahitaji tahadhari kubwa. Tarehe 21 Oktoba 2018, mtandao wa GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, ulikatika kwa sekunde 43 kati ya kitovu chake cha mawasiliano na kituo kikuu cha data katika pwani ya mashariki ya Marekani. Mfumo wa kiotomatiki ukachagua viongozi wapya wa hifadhidata katika pwani ya magharibi. Mtandao uliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwingine hakuwa nayo, na huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11 wakati data ikipatanishwa. Baadaye walibadilisha mipangilio ili hifadhidata isipandishwe cheo kuvuka mipaka ya kanda. Ushauri wangu ni huo huo: ndani ya kituo kimoja au vituo vilivyo karibu, acha mashine iamue, kati ya kanda za mbali, mashine iandae kila kitu na binadamu mwenye mamlaka atoe amri moja.

Unakili pia hauchukui nafasi ya nakala rudufu, kwa kuwa amri ya kufuta hunakiliwa kwa uaminifu ule ule wa amri ya kuandika. Nakala rudufu zikae nje ya klasta na nje ya jengo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo kizima cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Zirejeshwe kwa majaribio mara kwa mara kwenye seva tofauti, na muda wa urejeshaji uandikwe. Mwaka 2017, data ya seva kuu ya GitLab, huduma nyingine ya kuhifadhi msimbo, ilipofutwa kimakosa, iligundulika kwamba nakala zilizotarajiwa zilikuwa zimeshindwa kutengenezwa kimyakimya, na data ya takriban saa 6 ikapotea.

Majaribio na uangalizi

Kabla ya kuikabidhi klasta, iangushe. Ua mchakato wa programu, chomoa umeme wa nodi nzima, kata mtandao pande zote, kisha kata upande mmoja tu ili nodi isikie bila kusikika, jaza diski, ipunguze kasi diski badala ya kuiua, kwani kifaa kinachozorota husumbua kuliko kilichokufa. Kila jaribio lifanyike huku mteja wa nje akituma ombi kila nusu sekunde na kuandika muda wa jibu. Muda anaouona mteja huyo ndio muda halisi wa kurejea, hata kama kumbukumbu za klasta zinadai kazi ilihama mapema zaidi. Linganisha matokeo na mafungu matano ya bajeti. Hatua iliyozidi fungu lake ndiyo ifanyiwe kazi kwanza. Majaribio yarudiwe kila toleo la programu, mtandao au ukubwa wa data unapobadilika.

Uangalizi uendeshwe kutoka nje ya klasta, na uangalie akiba kama unavyoangalia huduma. Klasta ya nodi 3 iliyopoteza 1 huendelea kujibu vizuri, na bila tahadhari inaweza kukaa hivyo kwa miezi, hadi nodi ya pili inapoanguka. Tahadhari zitolewe nodi inapokosekana, nakala inapobaki nyuma kuliko namba ya pili inavyoruhusu, njia moja kati ya mbili za ishara inapokatika, na kifaa cha kutenga kinaposhindwa kujibu.

Nodi iliyoanguka isirudishwe kazini yenyewe. Chanzo kichunguzwe, data yake ilinganishwe na ya kiongozi wa sasa, na ikiwa na maandishi ambayo hayakunakiliwa, yahifadhiwe kando kabla ya kuisawazisha upya. Iingie kwanza kama nodi ya akiba. Kuirudishia uongozi si lazima hata kidogo ikiwa nodi zote zina uwezo sawa. Kama ni lazima, kufanyike saa za mzigo mdogo, fundi akiwa mbele ya skrini, na ukatizaji huo mfupi uhesabiwe katika dakika za mwaka.